Maji ya Mlima, Maji ya Tambarare: Historia ya Ufuaji Same na Upareni

Milima ya Pare huanzia kusini-mashariki mwa Kilimanjaro na kuambaa hadi kukaribia Usambara. Sehemu ya kaskazini ni wilaya ya Mwanga, ya kusini ni wilaya ya Same. Juu, katika msitu wa Chome unaozunguka kilele cha Shengena chenye mita 2,462, mvua ni nyingi na vijito vingi hutiririka mwaka mzima. Chini, upande wa magharibi, mji wa Same umekaa kwenye kivuli cha mvua na hupata takriban milimita 500 tu kwa mwaka, tena kwa vipindi visivyotabirika. Ufuaji wa nguo katika eneo hili ulianzia kwenye maji mengi na laini ya mlimani, kisha ukashuka hadi tambarare, kwenye maji machache na yenye chumvi, kwa kuwa huko ndiko zilikojengwa stesheni, ofisi, hospitali na nyumba za wageni. Mashine ya kufulia ya kibiashara ilipofika, ililikuta tatizo hilo limeshazeeka.

Zamani vazi la kawaida la Wapare lilikuwa ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe. Ngozi haifuliwi, hupakwa mafuta na kusuguliwa mpaka ilainike. Nguo za pamba ziliingia kwa wingi katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka Pangani na Tanga, ikafuata bonde la mto Pangani, ambao huku juu huitwa Ruvu, kuelekea Kilimanjaro. Misafara hiyo ilileta kaniki ya rangi ya nili na merikani, kitambaa kizito kisichopaushwa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Kaniki ilistahimili vumbi bila kuaibisha mvaaji. Merikani haikustahimili, na hapo ndipo kufua kulipoanza kuwa kazi yenye ratiba.

Kazi hiyo ilifanyika mtoni, juu ya jiwe. Kabla sabuni ya dukani haijazoeleka, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni yalitosha kwa mengi: hubeba chumvi za potasiamu zinazokata mafuta, na yakikutana na jasho na mafuta ya mwilini hutengeneza sabuni kidogo palepale kwenye kitambaa. Nyikani kuna mjunju, mti wa miiba ambao mizizi na magamba yake hutoa povu. Mfuaji wa mlimani alikuwa na bahati nyingine ambayo pengine hakuijua. Miamba ya Pare ni ya kale sana na haitoi chokaa nyingi, kwa hiyo maji ya vijito vyake ni laini na sabuni kidogo huenda mbali.

Wingi wa maji hayo haukumaanisha kwamba yaliachwa yapotee. Wapare walijenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe yaliyowekwa kwenye miteremko, na mifongo ya kuyatoa maji humo hadi mashambani. Kijito ambacho mchana kina maji haba mno kufika mwisho wa shamba hukusanywa ndani ya ndiva usiku kucha, kisha asubuhi hufunguliwa kwa mkupuo. Ndiva ya Manoo huko Bangalala, chini ya Vudee, ni mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi na imefanyiwa utafiti na wataalamu wa kilimo. Maji yaleyale yalinywesha mahindi na maharage, yakanywewa na mifugo, na pembezoni mwake watu wakafua. Kanuni ya ndiva ni ya hesabu kuliko ya kilimo: maji kidogo yanayokuja polepole yakitunzwa yanaweza kufanya kazi inayohitaji maji mengi kwa muda mfupi. Kanuni hiyo itarejea katika historia hii ikiwa imevaa chuma cha pua.

Wamisionari waliongeza nguo na wakaongeza pia sababu za kuzifua. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo cha Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900, na baadaye Jakob Dannholz akafanya kazi Mbaga, Upare Kusini. Mwaka 1903 Waadventista Wasabato walifika Giti, Mamba, na imani yao ikaenea sana katika milima ya kusini. Kwa Wasabato, Sabato huingia jua linapotua Ijumaa, na Ijumaa yenyewe ni siku ya maandalizi: chakula hupikwa, nyumba hufagiliwa, nguo hufuliwa na kupigwa pasi kabla ya machweo. Kwa hiyo ufuaji wa familia nyingi ulijikusanya kwenye saa chache za wiki. Mtu yeyote aliyewahi kusimamia dobi la hoteli anaifahamu hali hiyo. Mzigo unaokuja siku moja hudai maji ya siku hiyo, wala wastani wa wiki haumsaidii mfuaji.

Kilichouhamisha mzigo huo kutoka mlimani ni reli. Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911. Njia yake ilifuata tambarare, na stesheni ya Same ikazaa mji mahali ambapo mkulima wa Kipare mwenye kuchagua kwa hiari asingeweka makazi makubwa. Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kwa kufuata mto na reli hiyohiyo na kuwasukuma Wajerumani kusini. Chini ya utawala wa Waingereza, Same ikawa makao ya wilaya ya Pare. Karani, askari, mkuu wa stesheni na mwalimu wote walihitaji nguo nyeupe au kaki zilizonyooka, na mto haukuwa karibu.

Hapo ndipo alipoingia dobi. Vifaa vyake vilikuwa karai, ndoo, ubao au jiwe, sabuni ya mche, bluu ya kung'arisha nguo nyeupe, wanga wa kukaza kola na pasi ya mkaa. Watu wa Upare Kaskazini walikuwa wafua chuma mashuhuri tangu zamani, ila pasi hiyo ilitoka ng'ambo ikiwa imekamilika, na kifuniko chake na bawaba yake. Taabu kubwa ya dobi ilikuwa kisima. Maji ya ardhini katika nyanda kavu hukaa muda mrefu kwenye udongo ambao jua limekausha chumvi zake, na mara nyingi hutoka yakiwa ya chumvi au magumu. Sabuni ya mche ikikutana na kalisi na magnesi ya maji hayo hugeuka ukoko wa kijivu unaoelea, kisha hushika kwenye nyuzi na kuifanya shuka nyeupe ionekane chafu hata baada ya kufuliwa. Hesabu yake ni chungu: maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita humeza karibu gramu 2 za sabuni kwa kila lita kabla ya povu la kwanza. Pipa la lita 200 humaliza gramu 400, takriban nusu mche mkubwa, bila kuondoa hata doa moja.

Tangu kabla ya wakati huo mashine zilikuwa zikikua mbali sana na Same. James King alipata hataza ya mashine ya pipa huko Marekani mwaka 1851, na Hamilton Smith akatengeneza ya kuzunguka mwaka 1858. Mji wa Troy, katika jimbo la New York, uliojaa viwanda vya kola za mashati, ulikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya ufuaji wa kiwandani. Umbo lililoshinda ni pipa lenye matundu linalolala ubavu ndani ya pipa jingine: nguo hubebwa juu, zikaanguka majini, zikabebwa tena, na kwa kuwa huanguka badala ya kuelea, maji kidogo yanatosha. Mashine ya Bendix ya mwaka 1937 iliunganisha kuloweka, kufua, kusuuza na kukamua ndani ya pipa moja bila nguo kuguswa na mkono.

Lakini kwa mji kama Same, uvumbuzi mkubwa zaidi ulikuwa kemia. Mwaka 1907, miaka miwili kabla treni haijafika Buiko, kampuni ya Henkel ya Ujerumani ilianza kuuza Persil, unga uliochanganya sabuni na kemikali ya kupausha. Hata huo ulikuwa na udhaifu wa sabuni zote mbele ya maji magumu. Udhaifu huo uliondolewa na sabuni za unga zisizotokana na mafuta ya asili, ambazo zilienea baada ya Tide kutoka Marekani mwaka 1946. Hizi hazigandi na kalisi. Zilipofika kwenye maduka ya Afrika Mashariki, mfuaji wa maji ya kisima alipata kwa shilingi chache kile ambacho hapo kabla kilipatikana kwa kupanda mlima tu.

Fadhila hiyo ilikatika kwa muda. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, viwanda vikakosa malighafi, na sabuni ikawa miongoni mwa bidhaa zilizopangiwa foleni na mgao. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa kitu cha kufichwa. Watu wengi nchini walirudia majani ya mpapai, ambayo yakifikichwa majini hutoa povu jepesi na kuondoa jasho na vumbi, ingawa grisi na kola nyeusi hayaziwezi. Ilikuwa mbinu ya dhiki, na sabuni iliporudi madukani majani yalibaki mtini.

Nadharia ya kufua kwa uangalifu iliandikwa mwaka 1959 na Herbert Sinner, mkemia wa Henkel. Alisema usafi hutokana na mambo manne: kemikali, joto, muda na msukosuko. Moja likipunguzwa, jingine lazima liongezwe, na maji ndiyo yanayoyaunganisha yote. Mwanamke anayefua kwenye jiwe la mtoni hutumia msukosuko mwingi na joto sifuri. Dobi la hospitali hutumia joto na kemikali nyingi ili kuokoa muda. Mmiliki wa nyumba ya wageni Same ana nafasi ya kuchagua upya, kwa sababu bei za vitu hivyo kwake si sawa na bei za Ujerumani: maji ni ghali, umeme ni ghali, jua ni bure, na kuloweka usiku kucha hakugharimu kitu.

Joto ndilo linalokula umeme. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 70 huchukua karibu uniti 6 za umeme, wakati kulizungusha pipa lenyewe huchukua sehemu ndogo tu ya hizo. Kila lita inayopunguzwa kwenye fuo la moto kwa hiyo huokoa mara mbili, maji na umeme. Vimeng'enya vilivyoanza kuwekwa kwa wingi kwenye sabuni za unga miaka ya 1960 hukata damu, jasho na chakula kwenye nyuzi 40 au chini yake, na shuka za mgeni aliyelala usiku mmoja hazihitaji zaidi. Mtambo wa kupasha maji kwa jua juu ya paa hufika joto hilo siku nyingi za mwaka katika mji wenye anga kama la Same.

Mahali pengine akiba hiyo si halali. Shuka za wodi hubeba vijidudu, na kanuni iliyozoeleka katika hospitali za Uingereza, ikafuatwa na nyingi duniani, ni kwamba nguo zikae kwenye nyuzi 71 kwa dakika 3 au nyuzi 65 kwa dakika 10, bila kuhesabu muda wa joto kupenya katikati ya mzigo. Hospitali inayopunguza joto ili kupunguza ankara inahamisha gharama kwenda kwa mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Mahali ambapo ndugu wa mgonjwa hufua shuka wenyewe kwa maji baridi na kuzianika uani, jua kali na kukauka kabisa husaidia, lakini hakulingani na nyuzi 71.

Jambo lisilopewa uzito unaostahili ni kukamua. Kilo moja ya shuka iliyochujwa maji bila kuzungushwa kwa kasi inaweza kubaki na lita 2 za maji machafu ya sabuni. Ikiongezwa lita 4 za maji safi, theluthi moja ya sabuni hubaki. Baada ya masuuzo matatu, yaani lita 12, hubaki karibu asilimia 4. Mashine inayokamua kwa nguvu kati ya suuzo na suuzo huacha takriban lita 0.6 tu ndani ya kilo hiyo. Masuuzo mawili ya lita 4, yaani lita 8, huacha chini ya asilimia 2. Maji yamepungua kwa theluthi na shuka ni safi zaidi. Tena shuka iliyokamuliwa hivyo, ikitundikwa kwenye hewa kavu ya Same, huwahi kukauka. Mashine ya kukausha, ambayo hutumia zaidi ya nusu uniti ya umeme kwa kila lita inayogeuzwa mvuke, katika mji huu ni anasa ya msimu wa mvua.

Katika nchi za viwanda akiba ya maji ilipelekwa mbali zaidi kuanzia miaka ya 1960, pale Wazungu walipobuni mashine ndefu ya vyumba vilivyopangana. Nguo huingia upande mmoja na kusogezwa chumba hadi chumba. Maji safi huingia upande wa pili, yakasuuza nguo zilizo karibu kutoka, kisha yakarudi nyuma kuelekea nguo chafu zaidi. Suuzo la mwisho la mzigo mmoja huwa maji ya kwanza ya mzigo mwingine. Mashine za kawaida za hoteli na hospitali zilizoea kunywa lita 20 hadi 30 kwa kilo. Hizi ndefu hutumia chini ya 10. Kinachofanyika humo ni kile cha ndiva: maji hayaruhusiwi kuondoka kabla hayajafanya kazi zote yanazoweza. Mashine yenyewe ni ya tani nyingi kwa siku, na haina kazi kwenye mji mdogo. Kanuni yake, hata hivyo, huhamishika. Simtanki ya lita 1,000 na pampu ndogo hupokea maji ya suuzo la mwisho na kuyarudisha kulowekea mzigo unaofuata, na fundi bomba yeyote wa mjini anaweza kuifunga.

Faida yake inahesabika kwa madumu. Nyumba ya wageni yenye vitanda 20, shuka mbili kila kitanda, hufua karibu kilo 24 za shuka kwa siku. Kwa lita 25 kwa kilo hiyo ni lita 600, au madumu 30 ya lita 20. Kwa lita 10 kwa kilo ni madumu 12. Mji uliozoea mgao, ambako toroli la madumu ni biashara inayoeleweka, hauhitaji kuelezwa tofauti ya madumu 18 kila siku.

Maji yaliyokwisha kufulia nayo yana historia. Sabuni za unga za mwanzo hazikuoza, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mito ya Ujerumani ilifunikwa na povu, hadi sheria ya mwaka 1961 ikalazimisha kemikali zinazooza. Baadaye fosfeti iliyolainisha maji ikaonekana kuotesha mwani maziwani, na watengenezaji wengi wakaiacha. Upareni hatari iliyo karibu zaidi ni chumvi ya sodiamu, ambayo sabuni nyingi za unga hubeba: ikimwagwa kila siku mahali pamoja kwenye udongo wa nyanda kavu, udongo hufunga na mimea hunyauka. Maji ya suuzo yanafaa kwa miti ikiwa yanahamishwahamishwa. Maji ya fuo la kwanza hayafai bustanini. Yakirudi mtoni, huelekea bonde la Pangani, ambalo maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani na hunywewa na watu wa chini. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1991, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Bonde hilohilo ndilo lililoleta mabadiliko ya karibuni. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme, umwagiliaji na uvuvi, liko upande wa magharibi wa milima, na kwa miongo kadhaa wakazi wa Same na Mwanga waliishi jirani na ziwa hilo huku mabomba yao yakikauka. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaosukuma maji kutoka bwawani hadi miji na vijiji vya njiani, ulianza kujengwa katikati ya miaka ya 2010 na ukazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2025. Kwa mara ya kwanza mji uliozaliwa na reli umepata chanzo kikubwa kisichotegemea kijito cha mlimani wala kisima cha chumvi.

Maji hayo husafishwa na kusukumwa kwa umeme, na hulipiwa kwa uniti ya lita 1,000. Nyumba ya wageni ya vitanda 20 itatumia uniti 18 kwa mwezi kufulia shuka kwa njia ya zamani, au zaidi kidogo ya 7 kwa mashine inayokamua vizuri na kurudisha maji ya suuzo. Anayenunua mashine kwa ajili ya Same na aulize kwanza kasi ya kukamua na lita kwa kilo, kisha ndipo aulize bei.